Kifua Changu na Kifua cha Mauwa

Nyinyi vijana mtakaoyashika makaratasi haya, wa kike na wa kiume, nawaambia mapema: sikuandika ili mnihurumie. Kuhurumiwa nimehurumiwa sana, tena mahali nisipostahili. Nimeandika kwa sababu kifua hakijamalizana na watu wa Kuze, mtaa wetu hapa Mombasa. Mmoja wenu ataanza kukohoa, na akianza kukohoa ataona aibu. Basi asome haya kwanza. Chuo changu mimi ni cha Kurani tu, na kuandika nimejifunza kwa ajili ya kuwapelekea ndugu zangu barua, kwa hiyo msinitafutie maneno mazuri. Mahali nisipoelewa nitasema sielewi, na mahali hapo ni pengi.

Kikohozi kilinianza mwisho wa kaskazi, treni ilipokuwa imekwisha kuzoeleka mjini na watu hawatoki tena mbio kwenda kuitazama. Nilidhani ni vumbi. Nikanywa kombe, yale maneno ya Kurani yaandikwayo kwa zafarani kwenye sahani yakaoshwa kwa marashi. Nikafukizwa majani. Nikaumikwa mgongoni kwa pembe mpaka ngozi yangu ikawa na madoa kama ya chui. Masika ilipoingia, bangili zangu za fedha, zile nilizovishwa siku ya harusi na ambazo zilikuwa hazitoki ila kwa sabuni, zikawa zaanguka nikiinua mkono kula. Alfajiri naamka kanga imelowa jasho, naikamua kama nguo iliyotoka kufuliwa. Damu sikutema. Nalisema hili ili mlishike, maana baadaye lilinipa taabu.

Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Fatuma kama nilivyomwita siku zote, alihamia chumba cha mbele. Kikombe changu kikatengwa. Binti yangu Fatuma alijifungua siku hizo, na yule mjukuu wangu wa kwanza nilioneshwa kutoka mlangoni, kama kitambaa cha dukani ambacho mwenye duka hataki ukiguse. Sikumlaumu Fatuma. Lakini sikusahau.

Mwisho Baba Fatuma akamleta daktari wa Kizungu. Alikuwa akikaa upande wa Ganjoni, wakati huo kukiwa mashamba na nyumba chache, na alikuja kwa lile gari dogo la kusukumwa na watu juu ya reli. Mtu mrefu, bado kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. Mimi nilikaa ndani ya pazia. Pazia lilishikwa na Mauwa.

Sasa niwajulishe Mauwa. Mama yake alikuwa mtumwa wa mama yangu, na Mauwa alizaliwa nyumbani kwetu. Tumekulia ua mmoja, mwaka mmoja. Mimi nilipelekwa chuoni, yeye alipelekwa kisimani. Nilipoolewa alikuja nami. Utumwa ulipokwisha aliambiwa yuko huru, akauliza kama uhuru una chakula chake, akarudi jikoni. Mimi nilikuwa namwita Mauwa, yeye akiniita Mwana, kama mtumwa amwitavyo bibi yake.

Daktari akauliza, "Bibi, una miaka mingapi?"

Nikasema, "Nimezaliwa mwaka wa Alhamisi."

Sisi wakati ule tukiita mwaka kwa siku iliyoangukia Nairuzi, siku ya kufungua mwaka. Akafikiri kidogo. "Alhamisi hiyo hurudi?"

"Kila miaka saba."

"Basi Alhamisi ipi?"

"Ile mama yangu alipokuwa na nguvu za kuzaa."

Mauwa akacheka, pazia likatikisika. Daktari hakucheka. Akauliza nimezaa wangapi. Saba. Wako hai wangapi? Watatu. Nikasikia kalamu yake yakwaruza karatasi, kisha akasema, kwa upole, lakini kwa namna iliyoniudhi, kwamba kwao siku hizi watu huishi mpaka wakawaona wajukuu, na wengine vitukuu, na wakifa hufa kwa uzee.

Baba Fatuma akamuuliza, "Na sisi hapa twafa kwa nini?"

"Kwa mambo yanayozuilika, Bwana."

Wifi yangu Mwanaisha alikuwa kando yangu, na wifi yangu hana sauti ndogo. Akasema, "Kama kwao hawafi, huku wamefuata nini? Makaburi?"

Daktari, kama hakusikia basi alijifanya, akampa Mauwa kikopo chenye kifuniko. Akasema asubuhi nikohoe nitemee humo, apelekewe, akayatazame makohozi kwa kioo chake cha kukuzia vitu vidogo.

Alipoondoka ndipo matata yalipoanza.

"Wallahi," akasema wifi, "unywele wako ukianguka barazani wauokota wauficha. Kucha zako wazifukia. Leo wataka kutoa makohozi yako nyumbani? Wajua yatafikia mikononi mwa nani? Na hata yasifike pabaya, mwanamume wa kando atayatia kiooni ayatazame! Si bora umfungulie pazia akuone uso? Uso ni wa nje. Hayo yatoka kifuani, wifi. Atakuona ndani."

Nyinyi wa leo mtacheka. Mimi sikucheka. Nililala na maneno yale, na asubuhi nikamwita Mauwa ghorofani.

"Kohoa, utemee humu."

"Mimi, Mwana?"

"Kwani nasema na ukuta?"

"Si wewe uliyeambiwa?"

"Mauwa, tema, usinihoji."

Akageuka upande, akakohoa mara moja tu, yakatoka. Yalitoka kwa urahisi sana. Hapo ndipo ningalipaswa kuzinduka. Lakini nilifurahi kwamba kazi imekwisha, nikafunga kifuniko, nikamtuma yeye mwenyewe ayapeleke Ganjoni kwa jina langu.

Siku ya tatu daktari akarudi. Akasema ni kifua kikuu, wadudu wenyewe amewaona. Baba Fatuma akalia. Sikuwahi kumsikia akilia, hata tulipozika watoto. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nimekauka. Nikawaza, yale si yangu. Kisha woga ukanijibia: kama Mauwa aliye mzima ana wadudu, wewe unayekohoa mchana kutwa utakosa kuwa nao mara mbili? Nikalishika jibu hilo. Hata sasa nalitazama nashindwa kujua lilikujaje kichwani mwa mtu mzima mwenye akili zake. Lakini lilikuja, na likakaa.

Daktari akasema kwao mwenye maradhi haya, akiwa na uwezo, hupelekwa milimani kwenye theluji, akalala nje kwenye upepo miezi mingi, asifanye kazi, anywe maziwa, ale mayai. "Hapa hapana milima," akasema. "Mpandisheni juu."

Basi nikapandishwa juu ya nyumba, kwenye sakafu ya paa, wakanijengea kibanda cha makuti upande wa kusini. Maziwa ya mbuzi asubuhi, maziwa jioni. Mayai mabichi yaliyopigwa kwa asali. Na chupa ya mafuta ya maini ya samaki iliyotoka Ulaya kwa meli. Mombasa samaki wamejaa mpaka paka wanachagua, na mafuta ya samaki yatoka Ulaya! Nilimwambia Mauwa, akasema, "Labda samaki wao nao hufa kwa uzee, ndiyo maana yanuka."

Kusi ilivuma, nami nililala chini ya upepo wake. Siwezi kusema nilikuwa na dhiki. Nilisikia adhana za misikiti minne, moja ikianza kabla nyingine haijamaliza. Nilizungumza na wanawake wa nyumba za jirani, kila mmoja juu ya nyumba yake akianika nguo. Nilikuwa sijapumzika tangu nilipovunja ungo. Ndio ugonjwa wangu: nilikula, nililala, nilinenepa.

Vitu vyote hivyo vilipandishwa na Mauwa. Ngazi zetu zina kona moja, na kila siku nilimsikia akisimama kwenye kona, kimya, kisha akapanda tena. Maziwa yalifika yamepoa. Nilimgombeza. Nilimwambia amekuwa mvivu tangu alipoambiwa yuko huru. Mtakapofika hapa msipapite haraka. Nilimgombeza.

Na jambo jingine: kikombe changu nikimaliza, yeye hutia maji kidogo, akakizungusha, akayanywa yale maji. Nilimwona mara nyingi. Nilidhani ni tamaa.

Kusi ilipokwisha kikohozi kilikuwa kimekatika na bangili zimebana. Daktari akataka kikopo cha pili. Safari hii sikuona aibu, nilikuwa nimekwisha kumzoea, na nguvu zimenipa kiburi. Nikatema mwenyewe. Jibu likaja kwamba hamna kitu. Hamna hata mdudu mmoja! Daktari alipiga makofi kama mtoto. Akasema hata kwao hawaponi hivi, atawaandikia walimu wake kwamba bibi wa Mombasa amepona juu ya nyumba yake bila mlima wala theluji.

Nyumbani ikasomwa maulidi, pilau ikapikwa. Fatuma akaniwekea mtoto mapajani. Wifi akawa awaambia wanawake, "Ni lile kombe la masika. Lilichelewa tu."

Na mimi pale katikati, mtoto mapajani, sikuwa na raha. Vikopo viwili, watu wawili. Ama nilikuwa mgonjwa nikapona, ama sikuwa mgonjwa kabisa. Nilijaribu kulishika moja, jingine likanitoka. Mauwa akaingia na sinia la pilau. Kanga ilimteleza begani, nikaliona fupa la bega lake. Nilimwona kila siku ya maisha yangu, na lile fupa sikuwa nimeliona.

Wageni walipotoka nikamfuata jikoni.

"Mauwa, wakohoa tangu lini?"

"Tangu wewe, Mwana. Kabla yako kidogo."

"Damu?"

"Mara mbili." Akafikiri. "Tatu."

"Mbona hukunena?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Si nilitema koponi?"

"Ulitema."

"Daktari si aliona?"

"Aliona."

"Dawa si ikaja?"

"Ilikuja kwangu, Mauwa!"

"Najua. Wewe ndiwe mwenye nyumba, ingekuja kwa nani? Mtoto wa maziwa akiugua, kombe hunywa mamake, mtoto akapona. Nikasema na ya Kizungu labda ni hivyo. Mimi niteme, wewe unywe. Nilipokuona wanenepa nikasema, haya, yafanya kazi, sasa yaja kwangu. Nikawa nangoja."

Alikuwa akisugua sufuria, akaendelea kuisugua.

"Nilidhani wewe wajua," akasema.

Kesho yake nilivaa buibui nikatoka naye. Sikuwa nimetoka mchana kwa miaka. Baba Fatuma aliniuliza nakwenda wapi na hali nimepona, nikamwambia nakwenda kukiri uongo wangu. Akadhani homa imenirudia.

Pale kwa daktari palikuwa na milango miwili. Wazungu waliingia wa mbele, wakakaa vitini. Wahindi walikuwa na benchi ubavuni. Sisi wengine tuliketi nyuma, kwenye sakafu ya ukumbi, tukangoja. Nilisimama nikitafuta mahali pa kukaa mimi na mahali pa kukaa Mauwa. Mwanamke mmoja wa bara aliyekuwa na mtoto mgongoni akaniambia, "Keti, mama. Huku hakuna mito." Nikaketi. Mkeka mmoja na Mauwa. Tulingoja tangu saa tatu mpaka adhuhuri, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikasikiliza. Alikohoa. Alikohoa ndani ya kanga, taratibu, kama anayeiba. Kwetu nyumbani alikuwa akikohoa hivyo, na hakuna aliyemsikia.

Nilipoingia nilimweleza daktari yote, buibui usoni. Kikopo cha kwanza ni chake, cha pili changu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavua miwani yake.

"Nimekuja nyumbani kwako mara ngapi?" akauliza.

"Mara kumi, au zaidi."

"Na kila mara ni yeye aliyeshika pazia." Akamtazama Mauwa, naye Mauwa akatazama chini. "Nilimwona. Sikumtazama."

Akamsikiliza mgongo na kifua. Alipomaliza akaniita kando, akasema upande mmoja umekwisha na wa pili umeanza, na kwamba dawa ile ile aliyonipa mimi ndiyo hiyo hiyo, hana nyingine, lakini imechelewa miezi saba.

Nikamuuliza, "Na mimi nilikuwa na nini?"

"Sijui, Bibi. Labda ulikuwa nayo ukapona. Labda hukuwa nayo. Sasa hapana njia ya kujua."

"Kwenu wangejua?"

"Kwetu pia wasingejua."

Hapo nikaona hasira. Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, nikamtupia yeye. "Angekuwa kwenu huyu, angefika uzeeni?"

Akasema alikuwa na dada, mshonaji wa nguo za watu, katika chumba cha chini kisichoingia jua. Alikufa kwa kifua kabla hajaolewa. Bibi ambaye dada huyo alikuwa akimshonea nguo alipelekwa milimani.

"Wewe si ulisema kwenu watu hufa kwa uzee?"

"Nilisema wengi."

"Hukusema wengi. Ulisema watu."

Akavaa miwani yake. "Ni kweli," akasema. "Nilisema watu."

Tangu siku ile sijui nchi yao ni nchi gani. Nilikuwa nimeifikiria kama nyumba moja kubwa ambamo kila mtu ni mzee. Kumbe nayo ina juu na ina chini. Na yetu ni hivyo, na nyumba yangu ni hivyo. Lakini wanangu wanne waliokufa walikuwa wa juu, na maziwa walikuwa nayo, na walikufa. Basi hesabu hainijii sawa. Nawaachia nyinyi.

Nilimpandisha Mauwa juu, kwenye kitanda changu. Alikataa. "Nani atapika?" Nikamwambia nitapika mimi. Akasema, "Basi kweli nitakufa." Siku ya kwanza nilipompelekea maziwa nilifika kwenye ile kona ya ngazi nikasimama. Nilikuwa mzima, na nilisimama. Yeye alikuwa akipita hapo mgonjwa, mara sita kwa siku.

Alinenepa kidogo usoni wakati wa vuli. Tulicheka sana vuli ile. Akiniona na ndoo husema, "Wateka maji sasa, Mwana. Jihadhari, watu wasije wakakuuza." Wifi yangu aliacha kupanda juu, na Baba Fatuma aliuliza mara moja tu majirani wanasema nini. Nilimjibu kwamba majirani wana macho yao. Kaskazi ikaja, joto likamkata pumzi. Tukampepea kwa zamu, mimi na Fatuma, maana Fatuma alikuja, na mtoto alimwacha kwa mama mkwe wake.

Mauwa alifariki masika ilipokuwa katikati, asubuhi, maziwa yakiwa nusu kikombeni. Mungu amrehemu. Mwezi ule ule daktari alishikwa na homa ya hapa kwetu, akabebwa kupelekwa melini. Kama alifika kwao, sikuambiwa. Alikuwa hajafikia umri wangu wa wakati ule, Alhamisi yoyote mtakayoihesabu.

Jeneza la Mauwa lilibebwa na wapagazi wa bandarini. Wanangu wawili walikuwa dukani. Walisema hawakuambiwa mapema, na ni kweli, hakuna aliyedhani kwamba ni watu wa kuambiwa.

Mimi niko. Nimeona wajukuu sita. Nala, natembea, nagombeza watu. Umri huu nilionao siujui ni wa nani. Niliunywa kwa kikombe kilichotoka kwenye kifua cha mwenzangu, na hata hiyo sina yakini nayo, labda ningeishi tu. Msiniulize. Ninachojua nimewaambia: kikohozi chako ni chako, kipeleke mwenyewe. Ukikiona chepesi, tazama anayekupikia. Upepo unasaidia. Maziwa yanasaidia. Aibu haisaidii.

Siku ya tatu baada ya kumzika Mauwa, khitma ilipokwisha kusomwa, niliwaita wote wa nyumba sebuleni, wanangu, Fatuma, wifi yangu, watu wa jikoni, hata Baba Fatuma akaja akasimama mlangoni. Nikawaambia:

"Atakayekohoa nyumba hii kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, awe wa tumbo langu au awe mchota maji, atakwenda kwa daktari mwenyewe, akataje jina lake. Na asiyeweza kutembea atabebwa. Na watakaombeba ni wanangu."